Mshono wa Ndani

Chumba cha kushonea,
Tarehe 11 Februari

Mpwa wangu Miwani,

Salamu kwako na kwa dada yangu, mama yako, ambaye najua atakunyang'anya barua hii kabla hujafika mstari wa tatu. Mwambie asubiri zamu yake. Huku wazima. Mkazamjomba wako amegombana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, wakapatana, wakagombana tena, na sasa wanapelekeana mboga. Binti yetu mimba yake ina miezi mitano na anatapika mpaka maji ya kunywa. Bati la chumba changu linavuja palepale, juu ya cherehani ya pili.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Unajua vizuri. Miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha nguo imeniachia sikio moja la pambo na jingine linalosikia nusu, na simu ya mkazamjomba wako nikiiweka sikioni nasikia mtu anakaanga kitu. Barua haikaangi.

Haya, salamu zimetosha. Wiki iliyopita nilikuwa namalizia gauni la harusi. Satini nyeupe, shanga mia mbili kifuani, nimezishikiza moja moja kwa mkono. Sindano ikanichoma kidole. Jambo la kawaida, mimi sindano zinanichoma tangu hujazaliwa. Zamani unakilamba kidole unaendelea. Siku hizi, mpwa wangu, kidole kinatoa damu mpaka unaona aibu. Nikakifunga kitambaa, nikarudi kazini, kitambaa kikalowa, nikaja kushtuka tone limeshatua chini ya kwapa la gauni. Sabuni, ndimu, chumvi, vyote nimetia. Mama wa bibi harusi alipokuja kulichukua alilitazama hapo, akalikunja, akanipa mkono, akaondoka. Bora angenitukana.

Ni vile vidonge. Cheupe sikilalamikii. Ni kile cha pinki, mnachosema kinazuia damu isigande kwenye huo wavu wa chuma mlionipachika moyoni mwaka jana. Damu yangu imekuwa maji. Nikijigonga meza, mkono unaota doa la bluu. Mimi ni fundi wa nguo nyeupe, watu wananijua hivyo. Mkininyang'anya nguo nyeupe nabaki nani? Mwezi wa tatu nakuja hospitalini kwenu kupigwa hiyo picha ya ndani ya mshipa. Wewe ndiye kazi yako kuzisoma. Basi nisomee, uniambie lini naachana na hicho kidonge.

Ni mimi mjomba wako, mwenye vidole kumi, sita vina plasta.


Hospitalini, chumba cha picha,
Tarehe 25 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mama kweli aliinyang'anya barua. Alipofika kwenye lile gauni akaivua miwani, akasema, "Kaka yangu jamani, na alivyo na majivuno ya mshono wake." Hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Mkazamjomba msalimie sana, na binti yenu mwambie atafune kitu kikavu asubuhi kabla hajainuka kitandani.

Mjomba, usikiache kidonge. Hata siku moja. Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wagonjwa wengine. Ule wavu ni chuma, na damu ikipita kwenye chuma kitupu inaweza kuganda hapo, na ikiganda mshipa unaziba ghafla. Lakini mwili wenyewe, taratibu, unauotea wavu ngozi laini ya ndani mpaka unaufunika wote. Kwa wengine ngozi inawahi, kwa wengine inachelewa, na mtu mwenyewe hasikii lolote. Ndiyo maana tunapitisha waya mwembamba kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka mshipa wa moyo. Nchani una taa inayozunguka. Waya unavutwa kurudi nyuma kupitia katikati ya wavu, na taa inapiga picha kipande kwa kipande, mamia. Kwenye picha kila uzi wa chuma ni nukta inayong'aa. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuhesabu: nukta hii imefunikwa, hii iko wazi.

Kila picha inasomwa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, na hatuulizani. Ni mimi na mwenzangu tunayemwita Rula, kwa sababu hata maziwa ya chai anayapima. Mwisho wa mwezi tunalinganisha mbele ya daktari mkuu. Picha hazina majina, zina namba tu. Na iko sheria moja: ukijua picha ni ya ndugu yako, unaitoa, asome mwingine. Kwa hiyo mimi usinitegemee. Kazi yangu itakuwa kukupikia na kukusindikiza.

Njoo na sweta, chumba chenyewe kina baridi. Na vaa subana kidoleni unaposhona! Unayo droo nzima ya subana na hutaki kuvaa hata moja.

Mpwa wako anayekugombeza kwa mapenzi.


Chumba cha kushonea,
Tarehe 6 Aprili

Mpwa wangu Miwani,

Nilifika salama, begi likafika limelowa, kwa nini usiniulize. Mkazamjomba wako kaninyooshea kidole akisema nimerudi mnene. Mwambie dada yangu chakula chake kimeonekana. Binti yetu ameacha kutapika, sasa anakula chaki. Paka amezaa kwenye kikapu cha vitambaa vya bitana na simwondoi, nani ana nguvu hizo.

Nimekuwa nikikumbuka kile chumba chenu. Nesi alikuwa ananipigia kelele "Usitikisike, baba!" kana kwamba nataka kucheza ngoma pale. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto tu kifuani, mara moja, nikaona kwenye kioo kitu cha duara kinajizungusha, nikajiambia, kumbe huyo ndiye mimi kwa ndani. Mtu umeishi miaka sitini na moja hujawahi kugeuzwa ndani nje.

Nikakumbuka ulivyokuwa mdogo, zile likizo zako kwangu. Nilikuwa nageuza gauni ndani nje nakupa, wewe unakaa kwenye kile kigoda na miwani yako mikubwa, unapitisha kidole kwenye mshono mmoja baada ya mwingine, halafu unasema, "Safi, Mjomba." Mkaguzi wangu. Kigoda bado kipo.

Sasa niambie. Stendi nilikuuliza wameona nini, ukainama ukafunga zipu ya begi ambalo lilikuwa limeshafungwa. Sikukulazimisha. Lakini amekuja msichana anataka gauni la harusi la mwezi wa sita, mkia mita tatu, ndugu zake wote niliwashonea mimi. Kama nimefunikwa, nakiacha kidonge na ninamwambia ndiyo. Kama bado, namwambia aende kwingine, na akienda huyo wataenda wote. Nimemwomba wiki tatu. Nisaidie, mpwa wangu, niko hapa nimeshika futi tu sina cha kupima.

Anayekungoja, mjomba wako.


Hospitalini,
Tarehe 22 Aprili

Shikamoo Mjomba kipenzi,

Mama anakusalimu na anaimba jikoni, utajua kwa nini sasa hivi. Goti limepona, au amelisahau kwa furaha. Hao watoto wa paka usiwatupe, mimi nataka mmoja.

Mjomba, umefunikwa! Nimeiona, yaani nimesikia kwa walioiona. Ngozi imeota vizuri, wavu wote karibu umefunikwa, zimebaki nukta chache ambazo hazina maana. Kila asubuhi kwa mwezi mzima Mama alikuwa ananiuliza, "Kaka yangu amefunikwa?" na jana nilimjibu "Ndiyo, Mama," akaangusha mwiko. Usijali ni nani kasoma, ni mambo ya ofisini. Karatasi ya daktari itachelewa kidogo kwa sababu Rula yuko likizo mpaka katikati ya mwezi ujao na vikao vimesimama, lakini hilo ni jambo la karatasi tu.

Mwambie bibi harusi ndiyo. Mwambie mkia hata mita nne!

Mpwa wako mwenye furaha.


Chumba cha kushonea,
Tarehe 5 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Ahsante. Mwambie dada yangu aokote mwiko.

Habari za huku ni za shughuli. Binti yetu daktari kamwambia alale tu mpaka ajifungue, kwa hiyo mkazamjomba wako amefunga safari kwenda kumwangalia, na simu ameenda nayo. Nimebaki mimi, paka na wanawe wanne. Mmoja nimekuwekea, mweupe mwenye sikio jeusi. Kidonge cha pinki nimekihamishia kwenye kopo la vifungo, kabatini hakipo tena. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Yule bibi harusi nimempeleka kwa fundi mwanamke wa mtaa wa pili, alikuwa na haraka na mimi nimepata kazi kubwa: sare za walinzi, bluu iliyokolea karibu na nyeusi, suti thelathini. Kitambaa kizito, kinakula sindano. Si kazi ya kunifurahisha lakini mikono inapata la kufanya. Mvua imeacha, bati halivuji, cherehani ya pili imepumua.

Wasalaam, mjomba wako.


Hospitalini, ngazini,
Ijumaa, tarehe 29 Mei

Mjomba, sina salamu. Fungua kopo la vifungo umeze kidonge cha pinki sasa hivi, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Umemeza? Haya.

Picha yako niliisoma mimi. Ilikuja na namba kama zote, lakini wavu wako uko kwenye kona ya mshipa, na pembeni yake yanatoka matawi mawili yanayokaribiana, na mwaka jana niliiona siku unapachikwa. Kipande cha kumi tu nikakujua. Nikajiambia namaliza kipande hiki naitoa. Nikamaliza hicho, nikaenda kinachofuata. Nikasoma vyote.

Juu ya nukta zako kulikuwa na utando. Mwembamba, wenye mawimbi, lakini ulikuwepo. Nikasema ni ngozi. Nilitaka iwe ngozi, Mjomba. Nilikuwa nina barua yako mfukoni na Mama ananiuliza kila asubuhi. Kwenye nukta mia nikaandika nne tu ndizo ziko wazi. Na sikungoja kulinganisha na mwenzangu, nikakuandikia.

Leo ndiyo tumelinganisha. Rula ameandika thelathini na moja ziko wazi. Ameikuza picha mbele ya daktari akasema, "Ngozi huwa na uso laini, inakaa sawasawa. Huu ni utando wa damu iliyoanza kuganda." Na ni kweli. Ukiutazama bila kuutakia kitu, ni kweli. Daktari akauliza, mgonjwa yuko kwenye dawa? Nikasema mgonjwa ni mjomba wangu, na nimemwambia aache.

Nimempigia mkazamjomba, yuko kwa binti yenu, siku nzima ya safari kutoka kwako, na wala hakujua kama kuna jambo la kuacha dawa. Kliniki ya kwenu simu inaita haipokelewi. Barua hii nampa dereva wa basi la saa nne mkononi, nimemwelekeza mpaka rangi ya mlango. Anarudi Jumapili. Nijibu kwa yeye huyohuyo, hata neno moja. Jumapili jioni nisipoona jibu, Jumatatu niko kwenye basi.

Ukisikia kifua kinabana, au jasho la baridi, usingoje mtu, nenda hospitali. Nisamehe. Sijui niandike nini tena. Kimeze na kesho.


Chumba cha kushonea,
Jumamosi, tarehe 30 Mei

Mpwa wangu Miwani,

Dereva yuko mlangoni, amekataa kuketi, anasema ulimtisha. Kwa hiyo naanza na unalolitaka. Kidonge nimekimeza leo asubuhi. Nilikimeza jana. Nilikimeza juzi. Sijawahi kuacha hata siku moja. Nimekihamishia kwenye kopo la vifungo kwa sababu kopo liko mbele ya macho yangu na kabati linanisahaulisha. Umesikia? Sasa pumua, usije ukaanguka ngazini.

Utauliza kwa nini sikuacha wakati mwenyewe uliniambia. Nilitaka nisiliseme hili mpaka nife, lakini leo naona kulinyamazia ni vibaya zaidi.

Ulipokuwa mkaguzi wangu, pale kwenye kigoda, ulikuwa unaniangalia mimi usoni kwanza, halafu ndiyo unaangalia mshono. Ukiniona nimechoka, mshono wote safi. Siku niliyogombana na mkazamjomba wako nikakaa nimenuna, nilikupa koti ambalo mkono mmoja ulikuwa haujashikana na bega, mtoto wewe ukapitisha kidole pale pale penye tundu ukasema, "Safi, Mjomba." Nikajua. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja uende kucheza, nakagua upya kila ulichokagua. Miaka yote ile. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unafurahi, na mimi nilipenda kukuona umekaa hapo.

Barua yako ya Aprili niliposoma nikasikia sauti ileile. "Umefunikwa!" na mita nne za mkia. Nikaenda kliniki, nikamwonyesha daktari wa huku, akasema bila karatasi ya wenzake mimi na kidonge hatuachani. Nikampeleka bibi harusi kwa fundi mwingine, nikaomba kazi ya nguo nyeusi nyeusi ili damu isionekane. Ningekwambia wazi usingepata mshtuko huu wa jana. Lakini na mimi niliuona uso wako kwenye barua, nikashindwa. Hapo sote wawili tumeshona vibaya.

Usije Jumatatu. Kaa na kazi yako, itakuhitaji. Dereva anapiga honi.

Mjomba wako, mzima.


Hospitalini, dirisha la mapokezi,
Tarehe 27 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hongera kwa mjukuu! Mama ameshamwona kwenye simu anasema pua ni yenu, hakuna ubishi. Mpe pole na hongera binti yenu. Sisi tuko hivyo hivyo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako ilinitia hasira. Niliisomea stendi, nikacheka, nikalia, abiria wakanipisha kwenye benchi. Halafu usiku na mchana mwezi mzima nikawa nakugombeza kichwani. Miaka yote ile kwenye kigoda! Ningejua nilikuwa sikagui kitu, huenda ningejifunza kukagua. Ningejua siaminiwi, nisingeenda kuomba kazi ya kuaminiwa. Halafu nageuka nasema, lakini angeniamini angekuwa amekufa. Nifanye nini na jambo kama hilo, Mjomba? Nimeshukuru na nimeumia kwa pamoja, na siwezi kuvitenganisha.

Nimeondolewa kwenye kusoma picha. Naandika miadi ya wagonjwa, naita majina. Ni haki. Daktari hakunipigia kelele, alisema tu, "Ungeitoa ile picha." Wewe utaendelea na vidonge vyote viwili na Septemba unarudi kupigwa picha tena. Karatasi utaletewa, ina sahihi.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha. Mwaka jana Rula alivunjika mkono akakaa nyumbani wiki sita, na mwezi ule daktari aliniachia nisome peke yangu. Picha arobaini na tatu. Wengine nilikuwa nimezungumza nao kwenye korido, watu wazuri, wamechoka. Nikamwendea daktari mwenyewe, nikaomba zote zisomwe upya. Rula amezisoma. Arobaini na moja ziko sawa. Mbili sizo. Kuna mwalimu wa kike, amekuja, amerudishiwa dawa. Na kuna mzee mmoja, fundi wa saa, alinitengenezea mkanda wa saa yangu hapo hapo kwenye benchi akingoja. Simu yake haipatikani. Barua imerudi. Nimeenda hadi kwake, mlango una kufuli, jirani anasema alihamia kwa mwanawe na hajui ni wapi. Naendelea kumtafuta. Saa bado ninaivaa.

Mama sijamwambia lolote. Bado anaimba.

Mpwa wako.


Kwenye meza yako ya kulia,
Tarehe 12 Septemba

Mpwa wangu Miwani,

Nimewahi basi ukiwa kazini. Nimeshakuaga kwa mama yako, ambaye amenifungashia chakula cha watu sita. Nashukuru kwa kulala na kwa kunishika mkono mpaka mlango wa kile chumba. Nilikuona ulivyobaki nje. Hukuchungulia hata mara moja.

Mfuko ulio chini ya mto wako una gauni la mjukuu wangu. Satini nyeupe. Nimevaa subana mbili na glavu, nimelishona wiki tatu, halina tone. Limegeuzwa ndani nje. Nimeacha mshono mmoja umelegea makusudi na sikwambii ni upi. Likague. Mimi sitakuwepo uniangalie usoni, ndiyo maana nimeondoka mapema.

Na umwambie dada yangu ukweli. Ananisumbua kwa kunitazama kwa raha vile.

Mjomba wako.


Hospitalini, dirisha la mapokezi,
Tarehe 3 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini safari ilikuwa njema na chakula cha watu sita kiliisha. Mjukuu wako anacheka sasa, nimesikia. Yule paka mweupe amechana pazia la Mama. Mama nimemwambia yote. Siku ya tatu akanitilia chai, akasema, "Kesho asubuhi sikuulizi kitu. Uniambie mwenyewe ukipenda." Tunaendelea hivyo.

Mwana wa yule fundi wa saa alipokea simu wiki iliyopita. Baba yake alifariki mwezi wa nne, alikuwa amekaa anakunywa chai. Hakuna aliyepima kujua ni kwa nini, kwa hiyo sijui kama ni ule wavu, na sitajua. Daktari alitaka azungumze yeye, nikamwomba nianze mimi. Nikamweleza kijana kila kitu, kwamba nilimsomea baba yake vibaya na akaacha dawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jina langu, nikampa. Akakata simu. Akitaka kuja, nipo hapa dirishani.

Karatasi yako imo kwenye bahasha hii, imesainiwa na wasomaji wawili na daktari, na mimi simo. Kwenye nukta mia, kumi na mbili bado ziko wazi. Ngozi inaota, lakini polepole. Kidonge cha pinki kinaendelea miezi sita mingine, halafu picha tena. Najua ulitaka kurudi kwenye magauni mwaka huu. Hutarudi mwaka huu. Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu nikitafuta pa kuilainisha, nimeiacha ilivyo.

Sasa gauni. Nimelikagua kwenye mwanga wa dirisha, kidole kwenye kila mshono, mara mbili. Ulisema mmoja. Nimekuta minne. Wa pindo ndio wa makusudi, naona ulivyoacha uzi bila fundo, umeukata vizuri kabisa. Lakini kola upande wa kulia mshono umeruka nafasi tatu. Mkono wa kushoto umeshika kitambaa kimoja, cha chini kimekosa sindano. Na chini ya kwapa uzi umelegea urefu wa kidole changu. Hiyo mitatu hukuikusudia, Mjomba. Macho yako hayaoni kama zamani, au mkono umeanza kutetemeka, au vyote viwili. Kliniki ya kwenu inapima macho kila Jumanne. Nenda Jumanne hii.

Gauni nalirudisha kwa dereva wetu, ndani nje, na pini zenye vichwa vyekundu mahali penyewe. Usiliguse kabla hujapimwa macho. Pini ni nne, zihesabu.

Mpwa wako, mkaguzi.